Bima ya nyumba za mlimani Mtwara na Lindi: moto wanalipa, mlima je?

Ukiingia benki au kwa wakala mjini Mtwara ukasema unataka kukatia bima nyumba, utapewa karatasi yenye orodha inayoanza na moto na radi. Kwa nyumba ya tambarare, kama zile za Shangani, karatasi hiyo inatosha kwa sehemu kubwa. Kwa nyumba iliyo kwenye mteremko wa Mikindani, kwenye vilima vya nyuma ya mji wa Lindi au ukingoni mwa uwanda wa Makonde kule Newala, haitoshi. Nyumba ya mlimani huumizwa zaidi na maji na ardhi inayosogea, na hayo mawili ndiyo yanayoachwa nje ya mkataba wa kawaida.

Tumeipima huduma hii kwa ajili ya wageni wanaoishi huku kusini, ingawa Mtanzania aliyejenga mlimani atakuta mambo ni yale yale. Hukumu yetu: inunue, ila usiinunue kama inavyouzwa kaunta. Omba nyongeza, na usilipe kabla hujapewa mkataba kamili ukausoma, maana kipeperushi hakitakulipa chochote.

Mgeni aliyetoka Ulaya huja na mazoea yake. Hispania, kwa mfano, kila bima ya nyumba hubeba tozo ndogo inayokwenda kwenye chombo cha serikali kiitwacho Consorcio de Compensación de Seguros, nacho ndicho kinacholipa mafuriko makubwa, matetemeko na dhoruba kali hata kama hukuyaomba. Tanzania hakuna mfuko wa namna hiyo. Janga ambalo halijaandikwa kwenye mkataba wako ni lako. Bima ya kwenu nayo haitakuokoa, kwani sheria ya bima inataka mali iliyopo Tanzania ikatiwe bima na kampuni iliyosajiliwa hapa.

Nyongeza ya kuombwa kwanza ni ya kutitia na kuporomoka kwa ardhi. Mawakala wengi hawaitaji mpaka uulize. Hata ukiipata, ina mashimo matatu yanayomgusa mtu wa mlimani moja kwa moja. La kwanza ni ardhi ya kujaziwa. Mlimani fundi hukata upande wa juu na kujazia udongo upande wa chini ili apate usawa, kwa hiyo nusu ya nyumba hukaa kwenye ardhi asilia na nusu kwenye kifusi. Kifusi kikishuka, ufa hutokea pale pande mbili zinapokutana, na kampuni husema huko ni kujikaza kwa udongo mpya, hakulipwi. La pili ni ubovu wa ujenzi au usanifu. La tatu ni ukuta wa kuzuia udongo: mikataba mingi haiulipi ukianguka peke yake, mpaka nyumba yenyewe iwe imeumia katika tukio hilo hilo.

Huu ukuta ndio kitu cha kukomalia. Dai uandikwe kama kipengele kinachojitegemea, na thamani yake mwenyewe. Kampuni ikisita, mpeleke mhandisi aandike ripoti fupi yenye picha. Mambo yatakayotazamwa yanajulikana: kama ukuta una matundu ya kutolea maji na hayajaziba, kama nyuma yake kuna kokoto badala ya udongo mtupu, na kama juu ya nyumba kuna mfereji wa kukinga maji ya mlima na kuyapeleka pembeni. Ukuta usio na matundu hubeba uzito wa udongo na wa maji kwa pamoja, na ndiyo sababu nyingi huanguka katikati ya masika wala si mwanzoni.

Juu ya uwanda wa Makonde kuna jambo la ziada. Maji ya juu ya ardhi ni haba, kwa hiyo kila mwenye bati huvuna mvua. Tangi la lita 5,000 likijaa lina tani 5 za maji. Likiwekwa ukingoni mwa mteremko, au likivuja polepole karibu na msingi, udongo ule wa kichanga huchimbika kwa chini bila mtu kuona. Bima hulipa bomba au tangi lililopasuka ghafla. Uvujaji wa miezi hailipi. Hailipi mchwa pia, hata wakila kenchi nzima, kwa kuwa uharibifu huo huhesabiwa ni uchakavu. Sogeza tangi, jenga kitako cha zege, na bomba la kumwagia ziada ulipeleke mbali na msingi.

Upepo nao si hadithi. Kimbunga kiliipiga Lindi Aprili 1952. Aprili 2019 Mtwara nzima ilikuwa kwenye tahadhari ya kimbunga Kenneth kabla hakijatua kaskazini mwa Msumbiji. Nyongeza ya dhoruba, tufani na mafuriko hupatikana kwa urahisi, lakini soma masharti: mvua iliyoingia ndani hulipwa pale tu upepo ulipotangulia kung'oa bati au kuvunja dirisha. Mvua iliyopenya kwenye misumari iliyolegea ni yako. Uzio na mageti kwa kawaida hayamo. Na usingoje tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa ndipo ukimbilie kwa wakala. Kimbunga kikishatangazwa, hakuna kampuni yenye akili timamu itakayokuuzia kinga ya kimbunga hicho hicho.

Makuti tuseme kwa ufupi. Wageni wanayapenda, kampuni hazipendi. Wengine hukataa kabisa, wengine hupandisha ada. Banda la makuti likiwa limejitenga na nyumba ya bati, litaje wazi na upeleke picha, maana ukilificha na moto ukaanzia hapo unaweza kunyimwa hata fidia ya nyumba kubwa. Kiangazi, watu wanapochoma majani mashambani, fyeka kuzunguka nyumba. Upande wa bondeni fyeka zaidi, kwani moto hupanda mlima haraka kuliko unavyoshuka.

Sasa nani akatie nini. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwa hiyo wageni wengi ni wapangaji, au wanaishi kwenye nyumba ya mwajiri au ya mwenza. Mpangaji hawezi kudai fidia ya jengo lisilo lake. Akatie vyombo vyake, pamoja na betri na paneli za sola kama ni zake, kisha amwombe mwenye nyumba nakala ya bima ya jengo. Kama mwenye nyumba alikopa benki, iangalie vizuri nakala hiyo: mara nyingi inalinda kiasi cha mkopo tu, wala si gharama ya kujenga upya.

Na gharama ya kujenga upya ndiyo namba inayoharibu madai mengi kuliko zote. Usiweke bei ambayo nyumba ingeuzwa; weka gharama ya kuijenga leo pale pale mlimani, pamoja na kuondoa kifusi, kupandisha mchanga na maji, na ada ya mhandisi. Saruji inatengenezwa Mtwara, lakini kuifikisha kwenye kiwanja kisichofikika kwa lori ni gharama nyingine. Tuseme ujenzi mpya ni shilingi milioni 120 nawe umekatia milioni 80 ili ada ishuke. Hasara ya milioni 30 ikitokea, hulipwi 30. Unalipwa kwa uwiano, thuluthi mbili, yaani milioni 20. Kisha huondolewa ekses, kile kiasi unachobeba mwenyewe. Ikiwa ni asilimia 10, unabaki na milioni 18. Mthamini aliyesajiliwa anagharimu kidogo kuliko pengo hilo.

Kipengele kinachosahaulika kabisa ni dhima kwa jirani, yaani wajibu wako wa kumlipa hasara itokayo kwako. Mlimani paa la mwenzako liko chini ya msingi wako. Jiwe likibingirika, ukuta ukianguka au tangi likipasuka, anayeumia ni wa chini, naye atakudai wewe. Wageni hushangaa tukisema kwamba kinga hii ina uzito kuliko ya wizi, lakini ndivyo ilivyo. Uliza ukomo wake kwa tukio moja, na uhakikishe kuanguka kwa ukuta hakujatolewa nje.

Kuhusu wizi, mambo mawili tu. Lazima kuwe na dalili za kuvunja. Halafu nyumba ikikaa tupu siku nyingi mfululizo, mara nyingi 30, kinga ya wizi na ya mabomba husimama. Anayekwenda likizo ndefu aiarifu kampuni kwa maandishi na aulize kama mlinzi anayelala kiwanjani anahesabiwa kuwa mkaaji. Jibu nalo liwe la maandishi.

Ukitajiwa ada, uliza kama VAT, kodi ya ongezeko la thamani, imo. Ada ya 300,000 ikiongezwa asilimia 18 ni 354,000. Lipa kwenye akaunti ya kampuni au kwa namba ya malipo, si kwenye simu ya wakala, kisha hakiki bima yako kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Kumbuka pia wakala ni mtu wa kampuni. Dalali wa bima ndiye anayekusimamia wewe. Kwa nyumba ya mlimani yenye nyongeza nyingi, sisi tungeanza na dalali.

Udhaifu mkubwa wa huduma hii ni umbali. Mtathmini hasara mara nyingi hutoka Dar es Salaam, na mvua iliyokuharibia nyumba huweza kukata barabara hiyo hiyo, kama ilivyokuwa Somanga, wilayani Kilwa, Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya. Kwa hiyo toa taarifa siku ile ile kwa simu na kwa barua pepe. Piga picha na video kabla hujagusa kitu, moja ikionyesha nyumba nzima na mlima ulio juu yake. Funika kwa turubai, ziba maji, tunza risiti, lakini kifusi na vitu vilivyoharibika usivitupe mpaka vikaguliwe au upewe ruhusa kwa maandishi. Kwa wizi, ongeza taarifa ya polisi.

Mwishoni utaletewa hati ya kukubali malipo. Ukiisaini, kwa kawaida dai limefungwa. Kama hesabu haikuridhishi, usisaini. Omba ripoti ya mtathmini, andika pingamizi kwa kampuni, na wakigoma peleka lalamiko TIRA, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Mtwara, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.