Uzoefu wangu: The Times of Harvey Milk, niliyoitazama na mjomba

Niliikodi mtandaoni Jumamosi jioni. Ni dokumentari ya zamani, ya mwaka 1984, ya mwelekezi Rob Epstein, na ilishinda Oscar mwaka uliofuata. Inachukua kama saa moja na nusu. Picha nyingi ni za runinga ya enzi zile, rangi zimepauka, na dakika za kwanza nilidhani pesa yangu imekwenda na maji.

Kumbe sivyo. Inaanzia mwisho. Tarehe 27 Novemba 1978, Dianne Feinstein, mwenyekiti wa baraza la madiwani, anasimama mbele ya wanahabari kwenye jumba la jiji la San Francisco na kutangaza kwamba meya George Moscone na diwani Harvey Milk wamepigwa risasi na kufa. Watu wanapiga ukemi. Kisha anamtaja mshukiwa: Dan White. Huyu naye alikuwa diwani wa baraza lilelile hadi alipojiuzulu siku chache kabla, akajuta, akataka kiti chake. Basi tangu hapo unamtazama Milk akicheka na kupeana mikono barabarani, nawe unajua yatakayomfika.

Nilitarajia filamu ya kilio. Nilichokuta ni filamu ya siasa za wadi, na ndiyo maana imenikaa. Milk alikuwa na duka la kamera katika mtaa wa Castro. Aligombea akashindwa, akagombea tena akashindwa, na tena. Mwaka 1977 madiwani wakaanza kuchaguliwa wadi kwa wadi badala ya jiji zima, na safari hiyo akapita, shoga asiyejificha, wakati ambapo wenzake wengi walipoteza kazi kwa kujulikana tu. (Kwetu pwani mwanamke humwita rafiki yake shoga na hakuna anayegeuka kumtazama. Neno moja, dunia mbili.) Na alipoingia barazani, jambo lililompatia sifa mji mzima lilikuwa mavi ya mbwa! Alipitisha sheria ya kumlazimu mwenye mbwa aokote uchafu, akaitangaza bustanini mbele ya kamera huku akiukanyaga makusudi. Mwanasiasa wa hivyo ningempigia kura mimi.

Sasa mjomba. Mjomba wangu ni mstaafu wa bandarini Kilindini, mwanachama wa chama cha wafanyakazi tangu ujana wake. Alikuja kuchaji simu, akaona ninachotazama, akasema, "Mpwa wangu, hukupata kingine?" Akakaa lakini, mkono kwenye waya wa chaji, kama mtu anayeondoka.

Hakuondoka, na aliyemzuia ni Jim Elliot. Huyu ni mzee wa chama cha wafanyakazi, na katika mahojiano yote ndiye shahidi wangu bora. Hajipambi. Anakiri kwamba zamani aliwadharau mashoga kama walivyofanya wenzake. Kisha vyama vya wafanyakazi vikawa vinagomea bia ya Coors, na Milk akahakikisha baa za mashoga nazo zinaiondoa kwenye rafu. Wazee wa chama wakaona huyu akiahidi anatenda. Mjomba akauliza, "Kwa hiyo bia iliondoka kweli?" Nikamwambia ndiyo. Akaweka simu chini.

Kuna sehemu ndefu kuhusu Pendekezo la 6, ambalo lingeruhusu shule za California kuwafukuza walimu mashoga na hata wanaowatetea. Kwenye mdahalo wa runinga Milk na mwalimu wa chuo kikuu Sally Gearhart wanambana seneta wa jimbo John Briggs, aliyelileta pendekezo hilo, na Novemba 1978 wapiga kura wakalikataa. Wiki tatu baadaye Milk alikuwa maiti.

Kasoro zipo. Utoto na ujana wake vinapitwa mbiombio, na wapenzi wake karibu hawaonekani, jambo la ajabu kwa filamu ya mtu aliyewahimiza wenzake wasijifiche. Moscone naye anabaki kivuli, na aliuawa yeye kwanza. Sauti ya msimulizi, Harvey Fierstein, inakwaruza kama mchanga kwenye sufuria, mimi niliizoea, mjomba alikuwa akiniuliza, "Kasema nini?" Maandishi ya Kiswahili hakuna, kwa hiyo jiandae kusimamisha na kutafsiri.

Usiku wa mauaji watu wanatembea kutoka Castro hadi jumba la jiji wakiwa na mishumaa, maelfu kwa maelfu, barabara nzima ikimeremeta bila kelele. Sehemu hii usiikatize kujibu ujumbe.

Halafu kesi. Mahakama inasikilizishwa kanda ya White akiungama huku akilia, na baraza la wazee wa mahakama linaona ni kuua bila kukusudia: miaka 7 na miezi 8. Hukumu ilitolewa tarehe 21 Mei 1979, na usiku huo magari ya polisi yakachomwa.

"Watu wawili?" mjomba akauliza.

"Wawili."

"Na bastola alikuja nayo mwenyewe?"

"Alikuja nayo, akapitia dirishani asikutwe na mashine ya kukagua."

Hakusema kitu. Akachomoa simu, akaaga.

Naipa nyota nne. Jumanne alirudi kutaka aoneshwe tena ile ya bia, lakini muda wa kukodi ulikuwa umekwisha.