Maduka ya Kupanga Nje ya Mji wa Malindi: Tathmini ya Mpangaji

Kwa miezi 18 sasa nimepanga duka katika jengo jipya la ghorofa mbili lililo kando ya barabara ya Mombasa, ukishaupita uwanja wa ndege wa Malindi na kuelekea upande wa Msabaha. Kazi yangu ni kuoka mikate, mahamri na keki, ambazo nyingine huuzwa pale pale dukani na nyingine hupelekwa kwa wenye vioski alfajiri. Kabla ya hapo nilikuwa na chumba kimoja mjini, ndani ya kichochoro ambacho gari la unga halikuweza kuingia, na kila gunia lilimalizia safari kwa mkokoteni. Wafanyabiashara wenzangu kadhaa wanaofikiria kuhamia huku wamekuwa wakiniuliza hali ilivyo, nami nimeona ni heri niyaandike yote kwa pamoja. Jina la jengo na la mwenyewe nimeyaacha, kwa kuwa si yote nitakayoyasema yatampendeza na bado tunakutana kila siku.

Kwamba kuna wateja huku, sina shaka. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 1,109,735 katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kilifi, na ile ya 2019 ikahesabu 1,453,787. Wengi wa walioongezeka upande wetu wamejenga Ganda, Msabaha na Gede, mahali ambapo kiwanja bado kinapatikana, lakini kwa miaka mingi wameendelea kupanda matatu au tuktuk kwenda mjini kutafuta dawa, misumari na mkate. Mwenye jengo aliliona hilo mapema. Majirani zangu wa kwanza walikuwa duka la dawa, duka la vifaa vya ujenzi, kinyozi na wakala wa M-Pesa, na sote tulipata wateja ndani ya mwezi wa kwanza bila tangazo lolote zaidi ya kibao cha barabarani.

Sifa kubwa ya jengo hili ni umeme. Mwenyewe aliingiza umeme wa fezi tatu, ule wa kuendeshea mashine kubwa, na kuliwekea kila duka mita yake kabla hajamtafuta mpangaji hata mmoja. Kwa muuza nguo jambo hili ni dogo, lakini kwa mwenye oveni, mwenye mashine ya kuchomelea vyuma au mwenye jokofu la samaki, ndilo linaloamua kama biashara itakuwapo au haitakuwapo. Kule mjini nilikuwa nikigawana mita moja na wapangaji watatu, na kila mwisho wa mwezi ulikuwa na ugomvi wake. Nimeyaona majengo mengine mapya kandokando ya barabara hii hii, yenye vioo vya rangi na vigae vya kung'aa, ambayo yamekaa matupu kwa sababu aliyejenga alianza na rangi na kumwachia mpangaji kazi ya kuhangaikia nguzo na nyaya.

Kwa maji siwezi kusema hivyo. Kisima kilichochimbwa nyuma ya jengo kina maji ya chumvi, kama visima vingi vya mji wetu, yanayofaa kwa kupigia deki tu. Maji matamu ya mferejini, yanayovutwa Baricho kwenye mto Sabaki na kugawanywa mpaka Mombasa, huja kwa siku zake, na yasipokuja inanibidi kununua ya boza kwa bei inayokula faida ya siku mbili. Tangi lililopo ni moja kwa maduka yote 12. Tangi la pili tuliahidiwa tulipokuwa tukitia saini, tukaahidiwa tena wakati wa mfungo wa Ramadhani, na mpaka sasa kilichopo ni msingi wake wa zege ambao watoto huukalia wakila mabuyu.

Sehemu ninayotaka msomaji aisome kwa utulivu zaidi ni mkataba. Mwenye jengo hakudai kilemba, yaani malipo ya kuingilia duka yasiyohesabiwa kwenye kodi, na hili ni jambo la kushukuriwa, kwani kule mjini niliwahi kutajiwa kilemba kilichozidi kodi ya mwaka mzima. Aliomba amana ya miezi mitatu tu. Lakini muda wa mkataba wake ni miaka mitano na miezi mitatu, na miezi hiyo mitatu ya ziada haikuwekwa kwa bahati. Sheria ya Kenya ya wapangaji wa maduka na hoteli, Sura ya 301, humlinda mpangaji ambaye hana mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake ni wa miaka mitano au pungufu: mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi wala kumtoa bila ilani rasmi ya angalau miezi miwili, na mpangaji asiyekubali anaweza kulipeleka shauri mbele ya baraza la kodi za maduka. Mkataba ukivuka miaka mitano, na ukiwa hauna kifungu cha kuuvunja mapema, ulinzi huo huondoka na kinachobaki ni maneno yaliyo kwenye karatasi. Sisemi ni hila, kwa kuwa sheria inaruhusu na majengo mengi ya kibiashara nchini hufanya hivyo. Ninachosema ni kwamba asiyejua atatia saini akidhani miezi mitatu ni zawadi.

Vilevile kodi ya pango iliyotangazwa haikuwa imejumuisha VAT, yaani kodi ya serikali ya ongezeko la thamani. Kodi ya jengo la biashara hutozwa asilimia 16 juu yake, na mfanyabiashara mkubwa aliyesajiliwa huweza kuidai, ilhali mdogo kama mimi huibeba hadi mwisho. Tangazo la haki lingeitaja tangu mwanzo.

Kuna jambo moja ambalo sijalikuta kwingine, nalo limenifanya niendelee kuwapo. Malindi huishi kwa msimu: wageni hujaa kuanzia Desemba mpaka Machi, kisha masika huanza, hoteli kadhaa hufunga milango, na hata fundi wa tuktuk huhisi njaa ya Mei. Mwenye jengo alikubali kodi ya Aprili, Mei na Juni iwe nusu, na tofauti igawanywe katika miezi ya wageni. Kwa mwaka hapotezi hata senti, lakini mimi sikulazimika kumwachisha kazi kijana yeyote wakati wa mvua.

Naandika haya nikiwa nasikia maneno mengi kuhusu kuwavutia wawekezaji katika kaunti. Kampuni ya kusafirisha bidhaa nje iliyo ndani ya eneo la EPZ, yaani eneo maalumu lililotengewa viwanda vya kuuza nje, husamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10, lakini msamaha huo ni wa serikali kuu. Katiba, katika kifungu cha 209, imeiachia kaunti kodi za ardhi, kodi za burudani na ada za huduma zake. Kwa hiyo anayetaka maduka na viwanda vidogo vije Ganda au Msabaha hana kodi kubwa ya kusamehe. Alicho nacho ni leseni inayotoka upesi, barabara za ndani, soko, taa na mitaro. Kwenye leseni, mwangalizi wa jengo letu alinisaidia mno: alikuwa na orodha iliyochapwa ya kila karatasi inayotakiwa, kuanzia cheti cha zimamoto hadi vyeti vya afya vya wafanyakazi, nami sikurudishwa kaunta hata mara moja. Kwenye mtaro tumekwama. Mvua kubwa ikinyesha uwanja wa mbele hugeuka bwawa, mteja huvua viatu ili anunue mkate, na kila anayeulizwa mtaro ni wa nani humtaja mwingine.

Kwa mwenye kuhitaji umeme wa nguvu na nafasi ya gari kushusha mzigo, nalipendekeza jengo hili bila kusita, mradi mkataba ausome na wakili kwanza. Mwenye mgahawa angoje tangi la pili. Nyuma yetu msingi wa jengo jingine umeshachimbwa, na juma lililopita mwenyewe alikuja na ramani ili tuchague nafasi. Nimechagua duka la pembeni, lenye nafasi ya kushushia mzigo, na nimemwambia nitalipa amana siku mtaro utakapochorwa kwenye ramani hiyo.