Advent of Code: uzoefu wangu na wale samaki

Nina miaka minne kwenye kazi ya kuandika programu na niseme tu ukweli, mitatu ya mwanzo nlikuwa fundi wa kukopi na kupesti. Kitu kikigoma nagugo, nabandika, kikikubali nasonga. Kilichonitoa huko ni Advent of Code, mafumbo ya bure ya kutatua kwa kuandika programu ambayo Eric Wastl anayatoa kila Desemba tangu 2015, kwetu yanafunguka saa mbili asubuhi kwa hiyo nlikuwa nayasomea kwenye daladala, foleni ikikaza ndo poa zaidi.

Jaribuni lile la siku ya 6 mwaka 2021, ya zamani yote bado yapo. Kuna samaki, kila mmoja anazaa kila baada ya siku 7, mtoto akizaliwa anahitaji siku 2 za ziada kabla ya kuanza naye, sema watakuwa wangapi siku ya 80. Nikatengeneza orodha, kila samaki na siku alizobakiza kabla ya kuzaa, jibu likaja fasta nikajiona mkali. Kumbe ukipatia hapo ndo linafunguka la pili, swali lilelile ila siku 256. Weee! Feni ya laptopu ikalia kama blenda ya juisi, mashine ikaganda, nikaizima kwa kushikilia batani. Yani mfano wao tu wa samaki watano unafika 26,984,457,539, sasa hao unawaweka wapi?

Nikachukua karatasi. Nusu saa nzima nachora visamaki mpaka nikashtuka, waliobakiza siku sawa wote watazaa siku moja, sasa mi nawaandika mmoja mmoja wa nini? Makopo 9 yanatosha, toka la waliobakiza siku 0 hadi la waliobakiza 8, kila kopo lina idadi, kila siku unasogeza. Jibu likatoka hata kidole hakijaachia enta.

Kero zipo. Hadithi ndefu na ni Kiingereza kitupu, ukikosa huambiwi umekosea wapi, sanasana utaambiwa jibu limezidi au limepungua afu unasubirishwa dakika nzima. Na jibu la mshkaji halikusaidii maana data zake si zako (nimejaribu). 2025 wamepunguza toka siku 25 hadi 12, wengi wamelalamika ila mi naona afadhali, 2024 niliishia nyota 23 kati ya 50 (kila fumbo lina nyota mbili, moja kwa kila sehemu).

Ripoti ya mauzo kazini ilipoanza kusuasua mwezi uliopita sikugugo kwanza. Nikaomba karatasi, bosi akadhani naandika barua ya kuacha kazi.