Grisi ya pini za kalipa: miezi 8 ya kuitumia, ni nzuri ila sio kwa ile kazi walioiandika kwenye boksi

Kabla sijatoa nyota ngoja niseme ilikuwaje mpaka nikanunua haka katyubu. Jumapili jioni niliosha gari, nikaosha kweli yaani, mashine ya presha mpaka ndani ya ringi, naona vumbi jeusi la pedi za breki linatiririka nasema leo ndo leo. Nikaliegesha hapo hapo likiwa bado linachuruzika maji, nikavuta hendibreki mpaka mwisho nikaingia ndani. Siku mbili sijaligusa. Siku ya tatu asubuhi nimeshachelewa, nawasha, naweka D, naachia hendibreki, kimya. Naongeza mafuta kidogo, nyuma linachuchumaa tu kama ng'ombe aliyegoma kuvutwa. Taa ya hendibreki kwenye dashi imezima kabisa, maana yake nimeshaachia, ila tairi hazina habari. Nikaweka R taratibu, nikarudi D, R tena, mara TOK! moja nzito kutoka nyuma kulia mpaka jirani akachungulia akijua nimegonga ukuta. Nikashuka kuangalia, kwenye diski (ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi) kuna alama ya kutu yenye umbo kamili la pedi, imekaa kama muhuri.

Ndo nikaanza kutafuta dawa mtandaoni nikakutana na hii grisi ya silikoni ya kupaka pini za kalipa (kalipa ni kile kibano kinachobana pedi kwenye diski, pini ni vile vyuma inavyoteleza juu yake), boksi limeandikwa eti inazuia breki kushika baada ya kuosha gari. Nikanunua mbio mbio. Jina la kampuni sitaji, na hata hivyo hizi tyubu nyingi zinafanana.

Sasa hapa ndo penye shida na hilo boksi. Breki kushika sio ugonjwa mmoja. Ule wangu wa siku ile ulikuwa kutu kati ya pedi na diski, diski ni chuma cha kusubu, ikilowa tu masaa machache inakuwa ya rangi ya chungwa, na pedi nyingi nazo zina unga wa chuma ndani, ukizikandamiza kwa hendibreki zikiwa zimelowa zinagandana. Hapo grisi utaipaka wapi? Kuna jamaa aliniuliza kwa nini nisipake kidogo kwenye diski, nikamwambia kaka, unataka kusimama au kuteleza? Usithubutu, na hata yale mafuta ya kupuliza ya kulegeza nati zilizoota kutu usiyapeleke karibu na pedi, zikishanyonya mafuta ni za kutupa. Nilifanya jaribio langu mwenyewe, nimeshapaka grisi pini zote, nikaosha, nikavuta hendibreki, nikalala. Asubuhi tok ikalia vile vile, safari hii ndogo tu kwa sababu ulikuwa usiku mmoja.

Ila ngojeni, msiitupe. Wakati nafungua magurudumu kuipaka ndo nikagundua mbele kushoto kuna ugonjwa mwingine kabisa ambao nilikuwa nao muda mrefu sijui. Lile gurudumu lilikuwa linarudi na joto kuliko wenzake, kaharufu fulani ka kuungua, na gari linavuta kushoto kidogo, mimi nikasingizia alaimenti. Kufungua kalipa, pini ya chini haitoki kwa mkono, nikaizungusha na koleo huku naivuta inatoka inalia kriii, kavu, ina kutu nusu ya urefu wake, na kile kiraba cha kuifunika kimechanika upande. Maji ya presha yalikuwa yanaingia hapo kila nikiosha! Pini isipoteleza kalipa hairudi vizuri, pedi moja inabaki inasugua diski njia nzima. Kingine ni kwamba huko nyuma fundi mmoja alikuwa ameweka grisi ya kawaida ya beringi kwenye pini ya juu, na grisi ya mafuta ya petroli inavimbisha hizi raba za breki, ile buti (kiraba cha kufunika pini) ilikuwa imekuwa laini imeumuka kama sponji. Grisi ya silikoni raba haiisumbui na joto la nyuzi 200 inalivumilia.

Kwa hiyo kwa pini, nyota 5 kabisa. Nilisafisha kwa spirei ya kusafishia breki na brashi ya waya, nikanunua viraba vipya, nikapaka tabaka jembamba. Nilikosea mara moja, nilijaza grisi ndani ya tundu nikidhani nyingi ndo nzuri, pini nikiisukuma inarudi nje yenyewe kama ina springi, hewa imekosa pa kutokea. Nikafuta nikaanza upya. Af angalia pini ipi imetoka juu na ipi chini, gari nyingi moja ina karaba kwenye ncha, ukizibadilisha unajitafutia kesi. Juzi baada ya miezi 8 nimefungua tena, grisi bado ipo, nyeupe, haijaoshwa na maji, pini inateleza kwa kidole. Ile harufu sijaisikia tena na gari halivuti.

Malalamiko yangu: mdomo wa tyubu ni mpana mno, ukiminya kidogo inatoka ya kupaka gari nzima, hamna brashi, na maelekezo ni mistari mitatu ya herufi za sisimizi, hakuna mahali wameonya usiguse uso wa pedi. Hiyo ni hatari kwa mtu anayejifunza.

Na kuhusu kushika baada ya kuosha, kilichonisaidia hakikutoka kwenye tyubu. Nikimaliza kuosha naendesha kilomita 2 au 3 nikikanyaga breki mara kwa mara kidogo kidogo mpaka zipate moto zikauke, ndo naegesha. Sehemu tambarare sivuti hendibreki, naweka P na kipande cha mbao mbele na nyuma ya tairi (wa gia za mkono weka namba moja). Presha siielekezi tena kwenye kalipa, na simwagii maji diski ikiwa imetoka safari ina moto, inaweza kupinda. Ikishika tena nafanya ile ya R na D bila kupandisha moto wa injini. Wenye breki za dramu nyuma badala ya diski, ikigoma kabisa, zuia tairi za mbele, piga jeki na stendi, toa gurudumu, gongagonga dramu na nyundo ya raba ukiizungukia, hendibreki ikiwa imeachiwa. Kama baada ya hapo bado, angalia waya wa hendibreki, ukiota kutu ndani ya mfuko wake haurudi hata ukiachia, na huo hakuna grisi ya kuupaka kwa nje, unabadilishwa.

Jumla nyota 4. Ile moja nimeikata kwa ajili ya boksi. Tyubu yenyewe bado iko zaidi ya nusu, ila kifuniko kimeshapasuka nimekifunga na nailoni na raba bendi.