Mafoto ya bure ya Maktaba ya Bunge la Marekani: nilitafuta kijiji kimoja, Shawneetown, na nimekwama humo

Wandugu wa Goma na wote wenye kupenda mafoto ya zamani, leo naleta maoni yangu juu ya huduma moja ya bure kabisa, ile hazina ya mafoto ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Inafunguka kwenye simu yoyote ya tachi, hawakuombi akaunti, hawakuombi namba, hawakuombi hata franka moja. Ni kubwa mno, fungu moja tu la miaka ya 1935 mpaka 1944 iko na negativu (zile filamu za kamera) zaidi ya 170,000 za nyeusi na nyeupe, kwa hiyo mi nitaongea juu ya kijiji kimoja, Shawneetown, jimbo la Illinois, kando ya mto Ohio. Mtu wa Goma akisoma mpaka katikati ataelewa kwa nini ni hicho.

Zamani Shawneetown haikuwa kijiji cha kudharau. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 ilikuwa bandari ya mto, watu wakitoka mashariki kwenda kutafuta ardhi wanashukia hapo, na karibu yake kulikuwa machimbo ya chumvi (na tuseme ukweli, chumvi ile ilichemshwa na watumwa, hata katiba ya Illinois ya 1818 iliachia utumwa pale kwenye chumvi mpaka 1825 wakati kwingine mule jimboni ilisema hapana). Benki ya kwanza ya eneo lote la Illinois ilikuwa hapo, 1816. Mwaka 1825 Jenerali Lafayette wa Ufaransa alipita, wakampokea kama mfalme. Shida ilikuwa moja tu: maji. Mto unajaa, unaingia mjini, watu wanapanda juu, maji yanashuka, wanarudi, wanaosha nyumba, wanajenga tuta la kuzuia maji, wanaliongeza urefu, mto unajaa tena. Mwaka 1898 tuta lilipasuka na watu walikufa. Wakarudi tena.

Halafu ikakuja Januari 1937. Mto Ohio ulifurika karibu mwendo wake wote, watu kama milioni moja walikosa makao, na Shawneetown ikazama. Safari hii serikali na watu wenyewe wakasema basi, mji unahama, wakaupeleka kilomita chache kutoka mtoni, juu kwenye kilima. Njo maana leo kuko Shawneetown mbili, ile ya juu, na Old Shawneetown ya chini yenye ilibaki na wale walikataa kuondoka, na sensa ya 2010 ilikuta humo watu 193 tu.

Sasa tuingie kwenye mafoto.

Aprili 1937 alifika mpiga foto mmoja, Russell Lee, yeye mwenyewe mzaliwa wa Illinois, alisomea uinjinia wa kemia akaacha, akashika rangi na brashi, akaishia kwenye kamera. Alikuwa anatumwa na ofisi ya serikali yenye ilikuwa inasaidia wakulima maskini wakati ule uchumi wa Marekani umeanguka, na bosi wao Roy Stryker alitaka foto za maisha ya watu wa kawaida. Lee alipenda sana kutumia flashi ndani ya nyumba, na hiyo ndiyo inafanya foto zake ziwe na faida kubwa kwa sisi wenye kuja nyuma, juu flashi haifichi kitu, unaona kona zote. Kambi ya mahema ya wale walikimbia Shawneetown iko humo. Chukua muda. Usipite haraka. Ukivuta foto kwa vidole ikuwe kubwa unaona vitu vya nyumba nzima vimebanwa ndani ya hema, na unaona nyuso za watu wenye hawajui bado kama watarudi ama hawatarudi. Nyuso hizo hakuna mtu wa Goma atasema hazijui.

Ile yenye ilinigusa zaidi hata si ya Shawneetown penyewe, ni ya shamba moja karibu na Mount Vernon, Indiana, mto uleule, furiko lileile. Kinanda. Kinanda cha sebuleni, kile kikubwa cha mbao cha kukanyaga kwa miguu, kimesimama nje peke yake kwenye uwanja wa shamba, na maelezo yanasema kililetwa na maji, basi. Mto ulikibeba kutoka sebule ya mtu fulani ukakiweka pale wima. Hakuna mtu ndani ya foto, na huyo mwenye kinanda hajatajwa. Niliitoa kwenye karatasi pale studio moja ya mtaa wa Birere hapa Goma, nikamwonyesha mama mukubwa kule Mabanga, akaiangalia kwa muda mrefu akauliza, «Na mwenyewe walimupata?» Sikuwa na jibu, maelezo hayasemi.

Hapo njo naingia kwenye lawama yangu, na ni lawama ya kweli. Kuna fungu lingine mulemule, la majengo ya kihistoria, kazi yenye ilianza 1933 kwa kuajiri wachoraji wa majengo wenye walikuwa wamekosa kazi. Humo utapata majengo ya zamani ya Shawneetown, na ile benki kubwa yenye nguzo tano mbele, ya miaka ya 1839 mpaka 1841, yenye mpaka leo imesimama pale chini. Foto safi, mistari imenyooka, mawe unaweza kuyahesabu. Lakini watu hakuna! Ni kama kijiji kilijengwa na hakuna aliyekaa humo. Ukirudi kwa Lee unapata watu wa kutosha, ila hawana tena nyumba. Fungu moja linakupa nyumba bila watu, lingine linakupa watu bila nyumba, na kile mi nilikuwa natafuta, mama amekaa mlangoni pake siku ya kawaida kabla ya maji, mtoto anatumwa dukani, sikukipata. Serikali ilituma kamera baada ya msiba. Kabla ya msiba nani angelipia tikiti ya kwenda kupiga foto Shawneetown?

Na hii njo ya kwetu kabisa. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano yetu Nyiragongo ilishuka, ikapita kwenye uwanja wa ndege, ikapita Birere na katikati ya mji, ikaingia ziwani Kivu. Foto za lava ziko ngapi? Huwezi kumaliza, waandishi wa dunia nzima walikuja. Lakini Goma ya 2001, ile barabara ya katikati na maduka yake, kanisa kuu la Saint-Joseph kabla halijachomeka, foto zake ziko wapi? Ziko kwenye masanduku ya watu, kwenye albamu za ndoa, nyuma ya bwana na bibi harusi unaona kipande cha duka. Na sisi hatukuhama kama Shawneetown, tulijenga juu ya jiwe palepale, kwa hiyo hata ukisimama mahali penyewe huwezi kuona chochote cha chini. Ya kwetu nyumbani iliungua na albamu ndani. Naangalia mafoto ya watu wa Illinois kwa uchungu huo na sioni haya kusema.

Turudi kwenye huduma, mambo ya kutumia. Kila kitu ni kwa Kiingereza, ukijua Kifaransa na Kiswahili peke yake utahangaika kidogo, lakini jina la mahali ni jina la mahali, andika Shawneetown tu utapata. Foto nyingi zimeandikwa kwamba hazina jina, «labda inahusiana na» foto fulani, juu zile hazikuchaguliwa zamani hazikuandikiwa maelezo. Usiziruke! Humo njo kuna vitu vizuri. Chini ya kila foto kuna mahali pa kubonyeza ili uone zenye namba za jirani, na ukifuata jirani kwa jirani unatembea nyuma ya mpiga foto hatua kwa hatua, unaona alisimama wapi, akageuka wapi, nani alikuwa pembeni. Hiyo peke yake inanipa sababu ya kusifu waliopanga hii kazi. Utakutana pia na foto zenye tundu jeusi la duara, saa zingine katikati ya uso wa mtu. Si simu yako imeharibika. Ni Stryker, alikuwa anatoboa negativu zenye hakupenda. Inaniuma kila nikiona, juu kuna watu ambao labda foto yao peke yake ni ile yenye tundu.

Ruhusa: za fungu hili la Lee na ile ofisi ya wakulima maktaba inasema haijui kizuizi chochote, kwa hiyo unaweza kuzitoa, kuzifundishia darasani, kuzitundika. Ubora wa karatasi mi nimeshangaa, A3 inatoka safi, ile mbao ya kinanda unaona mishipa yake.

Mi naipa nyota nne kwa tano. Ile moja naikata juu ya maelezo, maana mahali pengi wameandika hali ya mtu wakaacha jina lake, «mkimbizi wa furiko», «mke wa mkulima», na mtu alikuwa na jina.

Mwenye ataenda kuangalia, chukua faili ya aina ya JPEG kwa kuanza, inatosha kwa simu na kwa karatasi ndogo. Ile ya TIFF ni nzito sana, itakula mega zako zote na foto moja tu, hiyo ushushe kwenye waifai ya mtu, na uombe ruhusa kwanza.