Taichi ya alfajiri kando ya ziwa, Capri Point: maoni ya mcheza karate

Nacheza karate ya Shotokan tangu kidato cha pili, na jioni nafundisha watoto kwenye ukumbi wa sakafu ya saruji huku Pasiansi, Mwanza. Natanguliza hilo ili ujue anayelipima darasa hili la taichi, sanaa ya Kichina ya miondoko ya polepole, ametokea wapi. Goti la kulia ndilo lililonipeleka. Lilikuwa linaniuma kila baada ya mazoezi, na daktari alishaniambia nipunguze kuruka.

Darasa liko kwenye kipande cha nyasi kando ya Ziwa Victoria, Capri Point, Jumatatu hadi Jumamosi, saa 12:30 asubuhi. Kwa mgeni aliyetoka Dar, huo ni muda wa giza-giza bado. Huku kwetu jua linachelewa, mara nyingi linachomoza nyuma ya vilima vya mjini wakati mmeshaanza kupasha mwili. Bei ni 5,000 kwa siku au 60,000 kwa mwezi, unalipa kwa simu. Mwalimu ni Mtanzania aliyejifunza taichi China alipokuwa chuo. Anaongea taratibu, hapigi kelele, na anakusogelea mmoja mmoja. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani ya hela yako.

Mfululizo unaofundishwa ni ule wa miondoko 24 wa Yang, mmoja wa mitindo ya taichi. Mmoja wa miondoko ya mwanzo unaitwa Kutenganisha Manyoya ya Farasi: mguu mmoja unakwenda mbele, mkono mmoja unapanda, mwingine unashuka. Mcheza karate akiutazama anaona mkao wake wa kila siku, zenkutsu-dachi, goti la mbele limekunjwa, mguu wa nyuma umenyooka. Nikaingia nilivyozoea. Mwalimu akanisimamisha, akaniambia nirudie, ila safari hii kisigino kikigusa tu chini, niurudishe mguu nyuma bila kuyumba. Haikuwezekana. Uzito wangu ulikuwa unatua pamoja na mguu.

Kwenye taichi mguu unatangulia ukiwa mtupu. Kisigino kinagusa, na bado uko huru kuurudisha. Kisha unyayo unalala, ndipo uzito unahama kidogo kidogo kutoka mguu wa nyuma, goti likifuata kule vidole vilikoelekea, na kiuno kinageuka mwishoni. Sisi wa karate tunapita hatua hizo zote kwa mpigo, na kasi inatuficha. Mimi nilikuwa natua na mwili mzima kisha nazungusha nyonga huku goti limeshabanwa. Miaka yote hiyo nimerekebishwa ngumi, nimerekebishwa mabega, lakini hapa palikuwa hapaonekani mpaka mtu apunguze mwendo. Kwa hilo peke yake ningewashauri walimu wa karate wa mjini waje, hata kama hawana nia ya kuendelea.

Kuna dharau moja naisikia sana dojoni, yaani kwenye ukumbi wa karate, kwamba taichi ni mazoezi ya wazee, si sanaa ya kupigana. Historia haisemi hivyo. Taichi ilikuzwa katika kijiji cha Chenjiagou, mkoa wa Henan, karne ya 17, ndani ya ukoo wa Chen, na Yang Luchan aliyezaliwa 1799 alijifunza huko kisha akaenda kuifundisha Beijing, kwa wapiganaji. Huu mfululizo wa 24 tunaouona ulitungwa mwaka 1956 na mamlaka ya michezo ya China, mfupi na mwepesi, ili watu wengi waweze kuushika. Na sisi je? Kata za Heian ninazowafundisha watoto, yaani mifululizo ya miondoko ya karate, zilitungwa na mwalimu Anko Itosu kwa ajili ya wanafunzi wa shule za Okinawa, kusini mwa Japani, kabla Gichin Funakoshi, mwasisi wa Shotokan, hajaipeleka karate Tokyo mwaka 1922. Zote mbili zilitungwa ili wengi wajifunze, na hakuna anayeidharau Heian Shodan, ile kata ya kwanza, kwa sababu hiyo.

Siku za katikati ya wiki mwalimu hagusii sana matumizi ya miondoko kwenye mapigano, na hapo namlaumu kidogo. Mtu anaweza kumaliza mwezi akidhani mwondoko uitwao Mikono ya Mawingu ni wa kupunga hewa, wakati ni kuukinga mkono unaokuja na kuupitisha pembeni. Jumamosi ndipo mambo yanapokolea, kwa sababu nusu ya pili ya darasa ni kusukumana mikono. Mnasimama wawili, vifundo vya mikono vinagusana, kila mmoja anatafuta kumyumbisha mwenzake bila kupiga. Nilipangwa na mzee mmoja mstaafu aliyevaa kandambili. Shikamoo, marahaba, tukaanza. Nikasukuma, na nilichosukuma hakikuwepo. Mkono wake ulikuwa bado umegusa wangu, lakini kifua kilishageuka, na mimi nikajikuta nimeegemea mbele. Akanishika kiwiko nisianguke. "Usikaze bega, mwanangu, unanipa habari zako zote," akasema. Kila nilipokaza, alijua nakwenda wapi kabla sijaenda. Tangu siku hiyo naipenda sehemu hii kuliko mazoezi mengine yote ya mwili niliyowahi kufanya, na nalisema hili nikiwa na mkanda mweusi ninaouheshimu.

Hata hivyo, usije kutafuta karate hapa. Hutapigana kumite, yaani pambano la wawili, hutajifunza kuvumilia kipigo, na mapafu hayataungua. Kijana anayetaka mashindano abaki dojoni. Aliye na mzazi anayeyumba-yumba akitembea, huyo ndiye ningemsihi amlete. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wagonjwa 195 wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili, na waliofanya taichi mara mbili kwa wiki kwa miezi sita walisimama imara zaidi na kuanguka mara chache kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu.

Kuhusu kuwa nje: nyasi zina mteremko kuelekea majini. Mwanzoni unaona ni kero, kwa sababu mfululizo uleule ukiufanya umetazama ziwa na ukiufanya umetazama mjini miguu inafanya kazi tofauti. Saruji ya ukumbini haijawahi kunidai hivyo. Asubuhi hewa imetulia, unasikia wavuvi wa dagaa wakirudi na injini zao na sauti ya mwalimu bado inafika. Waliwahi kujaribu darasa la jioni, lakini upepo wa ziwani ulikuwa unapeperusha maneno yote, wakaacha. Sawa walivyofanya.

Kasoro zipo. Hakuna choo karibu. Hakuna paa, na msimu wa mvua ikinyesha darasa linafutwa, ila aliyelipa kwa mwezi hafidiwi siku hiyo. Hili nimemwambia mwalimu mwenyewe, akasema atalifikiria. Nategemea atalifanya, kwa sababu Machi hadi Mei siku za namna hiyo si haba. Mbu nao wapo mpaka jua lipande, kwa hiyo vaa suruali ndefu. Viatu viwe na soli nyembamba na bapa. Raba zile nene za kukimbilia zinakunyima kuhisi kisigino kinagusa lini. Na baada ya mazoezi usiingie ziwani kunawa miguu, hata maji yakikuita vipi. Kichocho kipo kwenye fukwe zetu. Njoo na chupa yako.

Ukiwa mtu wa karate, judo au ndondi, usianze na Jumatatu ukakata tamaa kwa upole wa miondoko. Lipa ya siku, uje Jumamosi, uombe upangwe na yule mzee wa kandambili.