Chronicling America: Kumfuatilia Horace Greeley bungeni kupitia gazeti lake

Huduma hii ya Maktaba ya Bunge la Marekani ni ya bure, haidai kujisajili, na ina zaidi ya kurasa milioni 20 za magazeti ya zamani. Kipimo chake kizuri ni Horace Greeley, aliyeanzisha New-York Tribune Aprili 1841, kisha akakaa Baraza la Wawakilishi miezi mitatu tu.

Anza na jina la gazeti, maana hapo ndipo wengi hupotea. Kwa miaka hiyo limewekwa kama New-York Daily Tribune, na jina tofauti huhesabiwa kuwa gazeti tofauti. Weka tarehe 4 Desemba 1848 hadi 3 Machi 1849, kisha tafuta neno mileage, yaani nauli waliyolipwa wabunge kwa maili.

Toleo la 22 Desemba 1848 ndilo la kufungua kwanza. Wabunge walilipwa nauli ya senti 40 kwa maili, kwenda na kurudi, na sheria haikuwabana kutumia njia fupi. Greeley alilinganisha maili walizodai na njia fupi ya posta, akachapa ziada ya kila mmoja kwa jina. Abraham Lincoln yumo, ziada ya dola 676.80. Kuliona jedwali hilo lilivyochapwa kunaeleza vizuri kuliko muhtasari wowote wa vitabuni kwa nini wabunge wenzake walimchukia.

Udhaifu mkubwa wa huduma hii uko kwenye maandishi ambayo kompyuta imeyasoma kutoka kwenye picha za kurasa, na ndiyo yanayotafutwa. Herufi zilikuwa ndogo, safu zimebanana, wino umefifia. Jina Greeley hutoka limeharibika, na neno lililokatwa mwisho wa mstari halipatikani. Ukikosa jibu, tafuta kwa neno jingine la habari hiyohiyo, au pitia kurasa siku kwa siku. Tarakimu za majedwali usizinakili kutoka kwenye maandishi hayo hata kidogo: kuza picha uzisome kwa macho. Utafutaji pia ni wa ukurasa mzima, hivyo maneno mawili yanaweza kutoka kwenye habari zisizohusiana.

Kwa simu, picha ni nzito. Pakua PDF ya ukurasa mmoja mmoja.

Tribune ni sauti ya Greeley mwenyewe. Fungua na New York Herald la mpinzani wake James Gordon Bennett, limo humohumo, halafu usome mijadala ya Bunge kwenye Congressional Globe, ambayo maktaba hiyo imeiweka bure pia.